Mistari Mitatu ya Mlangoni

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, na anapima watu tangu ana miaka kumi na minne. Tepu shingoni, pini mdomoni. Ukipita mbele ya mlango wake amekwisha kujua kiuno chako na urefu wa mguu wako. Kwa miaka arobaini hajakata suruali ikatoka fupi. Ndiyo maana kosa lake la kupima linanitisha mpaka leo. Kama yeye alikosea, nani atapatia?

Baba yetu alikuwa mwashi. Kichochoro chetu kiko bondeni, na mfereji wa maji ya mvua unapita mwisho wake. Baada ya mafuriko makubwa ya utoto wetu, baba alizunguka na patasi akichonga mistari mitatu kwenye mwimo wa kila mlango. Maji yakifika wa kwanza, piga sufuria majirani wasikie. Wa pili, toa watoto na wasiojiweza. Wa tatu, acha kila kitu, okoa roho. Wengi hawakujua kusoma, lakini mistari ile waliisoma wote. Na kabla ya mvua kila nyumba ilizibua kipande chake cha mfereji; asiyetokea hakusalimiwa wiki nzima. Sasa mfereji umegeuzwa jaa, nusu yake imejengewa vibanda, milango ya mbao imetupwa, na watu wanasubiri ujumbe wa simu. "Chukueni tahadhari." Tahadhari ipi? Haisemi.

Katika kichochoro kizima mlango wa mbao umebaki kwangu tu, mimi mshona viatu, ninayetazamana na mdogo wangu. Yeye mwanawe alimwekea mlango wa chuma na sakafu mpya ya saruji, iliyoinuliwa shubiri mbili ili maji yasiingie. Kabla mwimo wa zamani haujang'olewa alipima kila mstari kutoka sakafuni, akaandika, kisha akaichora upya kwa rangi nyekundu kwenye fremu ya chuma. Nilimsifu. Nilimwambia baba angefurahi. Wala mimi sikuona kitu.

Mvua ilianza saa nane mchana. Saa tisa mfereji ulishindwa kumeza maji, ukayatapika kichochoroni. Maji yalikuwa meusi, na hayakuwa na kelele. Nilipanda ngazi za ghorofa la jirani, zilizo kando ya mlango wangu, nikashika sufuria na nyundo ya kazi. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa umezama. Nikapiga. Mvua juu ya mabati ilinizidi. Nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi.

Hatimaye mdogo wangu akatokea mlangoni kwake, miguu mikavu, maji yakilamba kizingiti.

"Kaka, utaitoboa hiyo sufuria!" alipiga kelele huku akicheka. "Mstari wa kwanza bado kabisa!"

"Acha wako! Tazama wangu!"

Akatazama. Wa pili ulikuwa unaingia majini. Nikaona kicheko kikimtoka usoni. Akainamisha kichwa akaitazama sakafu aliyosimama juu yake, mkono ukaenda kwenye tepu shingoni. Hakusema, au sikusikia, lakini mdomo wake niliuona: shubiri mbili. Hakuziondoa. Alichora mistari ya baba kana kwamba bonde zima limeinuliwa pamoja na nyumba yake.

Ndani alikuwamo mama mkwe wake, asiyetembea mwaka wa tatu huu. Kumtoa kulihitaji wanaume wawili, na wanaume walikuwa kazini. Mimi na magoti haya, ningekuwa mzigo wa pili.

Alitokea tena akiwa amembeba mgongoni, amemfunga kwa kitambaa cha sare za shule kama mtoto. Kibibi kile hakijawahi kufunga mdomo.

"Wanao nilibeba mimi watano," kilikuwa kikisema, "na hakuna niliyemlowesha!"

"Mama, nishike shingo, usinikabe!"

"Nisikukabe nishike wapi, masikio?"

Hatua kumi tu kutoka kwake mpaka kwenye ngazi. Ya nne, mti wa kibanda kilichovunjika ukaja na mkondo ukampiga gotini. Akaenda chini. Niliona kitambaa cha sare kikitanda juu ya maji, na hapo katikati hapakuwa na kichwa. Sikumbuki kushuka. Nakumbuka mkono mmoja kwenye reli ya ngazi, maji yakinivuta viatu, na mwingine umeng'ang'ania kitambaa, nikingoja fundo lifumuke. Halikufumuka. Kwanza ukatoka mkono wake, kisha uso, kisha kibibi kikikohoa, na kwa mara ya kwanza hakina neno.

Tulikaa ngazi za juu watatu, tukautazama mstari wa tatu wa mlango wangu ukizama. Ndipo simu ya mdogo wangu ikalia mfukoni, baada ya maji hayo yote. Ujumbe: wakazi wa mabondeni waondoke.

Matope yalipokauka alisugua rangi ile nyekundu, akapima upya kutoka chini kichochoroni. Mstari wa pili ukaangukia karibu sawa na sakafu. Wa kwanza ukaangukia chini ya kizingiti, kwenye ngazi ya nje. Jirani muuza mkaa alipita akacheka.

"Fundi, huu wa chini ni wa panya?"

"Wa kwangu," alijibu, bila kumtazama. "Nataka kuogopa miguu ingali mikavu."

Kitanda cha mkwe wake sasa kiko mlangoni, na kitambaa cha sare kimetundikwa msumarini juu yake. Wingu likifunga tu, kibibi kinauliza:

"Yamefika?"

Mdogo wangu anaacha cherehani, anatoka, anainama kwenye ngazi.

"Bado, mama."

Lakini harudi kushona. Anabaki pale amechuchumaa, kidole juu ya rangi, nami ng'ambo nimeishika sufuria.