Pascaline na Chupa ya Mentoli

Pascaline wa Wamaza alikuwa na choa, baka la ngozi lisilo na hatari, mkononi karibu na kiwiko, kama walivyokuwa nacho wengi pale kijijini. Alilima pamba kwa amri ya serikali na mihogo kwa amri ya tumbo, na bintiye Célestine, ambaye bado alinyonya, alishinda mgongoni mwake. Maisha yakawa hayo, mpaka daktari Mbelgiji alipofika kutoka Kasongo kutafuta wenye ukoma na kuwapeleka kambi ya wakoma.

Daktari alikuwa na njia yake mwenyewe ya kupima neva. Alibeba mentoli, chembe nyeupe zitokazo katika mafuta ya mnanaa, akiziyeyusha katika chupa. Ngozi nzima ikipakwa husikia baridi. Ngozi iliyokufa ganzi haisikii, na hiyo ni dalili ya ukoma. Sindano, alisema, zinawatisha watu. Alikuwa mtu mpole.

Chupa ilipofunguliwa, harufu ilifika mwisho wa mstari wa wanakijiji waliongoja kupimwa kabla daktari hajaketi.

"Iko inanukia sawa bonboni ya masista," alisema mama mmoja, akikumbuka peremende za misheni.

"Inapanda mupaka kwenye ubongo!"

"Kwako basi itakosa pa kufikia."

Wakacheka. Pascaline hakucheka. Alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, na harufu iliyozungumzwa na wote yeye hakuipata.

Zamu yake ilipofika, Gaston, muuguzi, alimfunga kitambaa machoni. Daktari akapaka penye choa, akauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni:

"Unasikia?"

Lugha yetu ina ubahili wake: kwa neno hilo moja tunasikia sauti, njaa, harufu na baridi. Mkono wa Pascaline ulipoa mpaka vinyweleo vikasimama. Akavuta pua kwa bidii.

"Hapana, Bwana Munganga. Sisikie kitu."

Daktari alitamka neno la Kifaransa. Gaston akalitafsiri: kambini.

"Kaka Gaston, ni mafua! Pua imeziba!"

"Nani alikuuliza pua, Mama Célestine?"

"Mukono iko na baridi! Ona!"

"Sasa ndiyo unasikia?"

"Nilisikia tangu mwanzo!"

Gaston alimtazama daktari, ambaye alikwisha kumwita mwingine. "Kila mutu akiambiwa kambi, anaanza kusikia baridi," alisema, wala si kwa ubaya. "Mutoto atabaki na bibi yake."

Kambini mafua yalipona upesi. Choa nacho kikapona. Mwaka uliofuata daktari alirudi na chupa ileile. Safari hii Pascaline aliipata harufu yake tangu jikoni. Kitambaa, kiwiko, swali.

"Nasikia! Nasikia baridi, Bwana Munganga! Baridi ya mukono, hapa, kwenye mukono!"

Daktari alitabasamu kwa huruma, akamweleza Gaston kwamba ukoma hujificha, na kwamba wagonjwa wakikaa kambini wote hujifunza jibu; basi abaki.

Siku ya kutembelewa, mkwewe Ernestine, aliyebaki na mtoto, alimleta Célestine mpaka kwenye uzio. Mtoto alikuwa ameanza kusema. Aliushika mkono wa bibi yake, akamwita mama.

Hilo Pascaline hakuhitaji kuulizwa kama amelisikia.