Anawaachia wanafunzi kalamu nyekundu, kisha anatoka

Saa nne kasoro asubuhi. Mwalimu wa maadili anaandika ubaoni majibu ya mtihani wa hisabati, anagawa kalamu nyekundu, halafu anafanya jambo ambalo walimu wenzake wanaliona ni wazimu: anatoka nje na kufunga mlango.

Ndani wamebaki wanafunzi sitini na mmoja wa darasa la sita, kila mmoja na karatasi yake mwenyewe ya kusahihisha. Nje, mwalimu amesimama ukutani, mikono nyuma, anakohoa mara kwa mara kwa makusudi.

"Nakohoa ili wajue niko mbali na dirisha," anamnong'oneza mwandishi wa makala hii. "Siwavizii. Kuvizia nako si maadili."

Wanafunzi wanamwita Dhamiri, na jina hilo limeshamganda hata nyumbani, ambako mumewe, fundi cherehani, hulitumia kila akitaka kuongezewa chai. Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo amefundisha somo ambalo wenzake hulikwepa kama zamu ya kusimamia usafi wa vyoo.

Zamani alitoa mtihani wa maandishi kama watu wote. Aliuacha baada ya mwanafunzi mmoja, aliyekamatwa na boksi zima la chaki za shule, kuongoza darasa katika swali la madhara ya wizi.

"Alieleza vizuri kuliko wote," anasema, akicheka hadi miwani inateleza. "Kwani yeye si ana uzoefu? Nikampa mia. Baadaye nikajiuliza, hivi hapa nimepima nini?"

Ndipo akabuni njia yake: kupima maadili kwa mtihani wa somo jingine. Siku moja kabla, anazisahihisha karatasi zote nyumbani bila kuzigusa kwa kalamu, maksi anabaki nazo mwenyewe. Kesho yake watoto wanajisahihisha. Ukijipa sabini na yeye alikupa sabini, mambo yako safi. Ukijipa tisini, pengo hilo ndilo litakaloshusha maksi zako za maadili kwenye ripoti. Wanafunzi wanaijua njia hiyo, maana huwaambia wazi tangu wiki ya kwanza. Bado wapo wanaojaribu bahati.

Wazazi ndio hawakuipenda. Muhula uliopita mama mmoja alifika ofisini na ripoti mkononi. "Mwanangu hisabati themanini, maadili ishirini! Sasa nimtume dukani au nisimtume?"

Mwalimu mkuu, mtu mpole anayeogopa kelele, akatoa uamuzi: muhula huu ni wa mwisho kujaribu. Likija lalamiko moja tu, mtihani wa maandishi unarudi.

Leo Dhamiri ana tatizo kubwa kuliko wazazi, na analieleza akitazama viatu vyake.

"Sijasahihisha," anasema. "Hata moja! Mjukuu anaota meno, jana kalia tangu jua linazama. Nikamweka begani, karatasi mapajani, nikasema naanza sasa hivi. Nimeshtuka kumekucha."

Angeweza kunyamaza. Maksi za maadili angezikisia tu, na hakuna ambaye angejua. Akiwaambia watoto, jioni wazazi watakuwa na habari, na mkuu atapata lalamiko lake.

"Mume wangu kaniambia asubuhi, 'Mama, kaa kimya, hiyo ni siri yako na mjukuu,'" anasema. "Nimefika nusu ya njia namkubalia. Nusu iliyobaki nimekuja nabishana naye peke yangu, watu wananitazama."

Anafungua mlango. Karatasi zinakusanywa. Anasimama mbele, anavua miwani, anaivaa tena.

"Nilitakiwa nizisahihishe hizi jana. Sikusahihisha, nililala. Maksi mlizojipa sina cha kuzilinganisha nacho."

Mvulana wa dawati la nyuma, ambaye wenzake humwita Wakili, ananyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba karatasi yangu. Nilijinyima maksi kwa woga."

Darasa linaangua kicheko, na mwalimu ndiye anayecheka zaidi. Kabla hakijaisha, msichana wa mstari wa mbele anasimama. Anakwenda mezani, anatafuta karatasi yake, anakata sabini na tano na kuandika sitini. Anarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Hakuna ambaye angemkamata, na yeye analijua hilo. Mwandishi, aliyekuja kutafuta kichekesho, anaacha kuandika.

Baada yake wanakuja wengine saba. Mmoja anajipunguzia maksi mbili, halafu anauliza kama hizo mbili ataongezewa kwenye maadili. Wakili naye anakwenda, anaitazama karatasi yake kwa muda mrefu, anairudisha ilivyokuwa.

"Na wewe, Mwalimu," anauliza akirudi nyuma, "unajipa ngapi?"

"Arobaini."

Darasa zima linapinga. Wanataka apewe angalau hamsini, kwa kuwa kasema mwenyewe. Mwalimu anakataa katakata.

Wakati wa mapumziko anakwenda mwenyewe ofisini. Mwalimu mkuu anashika kichwa. "Umelala, sawa. Mtu hulala. Lakini ulikuwa na haja gani ya kuwaambia?"

"Mkuu, mimi nafundisha somo gani?"

Mkuu anasema atatoa uamuzi wiki ijayo, wazazi wakishapiga kelele zao.

Dhamiri haombi mengi. Anataka muhula mmoja zaidi, na safari hii bila mtego wowote.

"Nitawaambia mapema: sijasahihisha na sitasahihisha. Nitawaachia karatasi, nitakwenda zangu kunywa chai."

Na wote wakijipa mia?

Anafikiri kidogo, wala hacheki.

"Basi uongo huo ndio maksi zangu mimi, za miaka kumi na tisa ya kufundisha maadili," anasema. "Nitazipeleka kwa mkuu mimi mwenyewe, na sitapunguza hata moja."