Sebuleni kwa Mama Zaina

Kikwembe kipya kina harufu yake, na mimi niliijua kabla sijajua kusoma. Ni harufu ya nta na wanga, pamoja na kitu kinachokaribia mafuta ya taa, na katika Kamina ya utoto wangu ilikaa mahali pamoja tu: sebuleni kwa Mama Zaina, nyuma ya soko, katika nyumba ya matofali mekundu yenye mlango wa buluu. Kikwembe ndicho wengine wanachokiita kitenge. Pale vilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba ulipoingia ulilazimika kuvisogeza kwa mkono kama mtu anayepita shambani kwenye mahindi marefu. Viatu vya kike vilipangwa chini ya kochi, visigino vikitazama nje. Blauzi na sketi za mitumba zilizopigwa pasi zilitundikwa dirishani, na kwenye kona kulisimama kioo kirefu kuliko vyote mjini. Wanawake wengine walikuja bila haja ya kununua, wajitazame tu tangu kichwani hadi miguuni, kwa sababu vioo vya nyumbani vilionyesha uso na basi. Ilisemwa kwamba mwanamke wa Kamina akitaka kuvaa vizuri ana njia mbili: apande treni aende Lubumbashi, au aende kwa Mama Zaina, ambaye ameshaipanda kwa niaba yake.

Mama Zaina alikuwa Mwislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema, upande wa mashariki. Alizaliwa Kasongo, akaolewa Kamina, na mumewe alipofariki akabaki hapohapo na biashara yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kimenyooka, chenye maneno ambayo sisi tuliokua na Kiluba nyumbani tuliyasikia darasani tu. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na Mmethodisti wa kweli, mtu wa sketi ndefu na viatu vilivyofungwa, na alinunua nguo pale tu ile ya zamani ilipokataa kushonwa tena. Wawili hao walisalimiana kwa adabu na kuachana kwa adabu. Rafiki wa Mama Zaina alikuwa mdogo wake mama, mama mdogo Kabange, aliyeishi nasi na kupiga taipu katika ofisi moja mjini. Kabange alipenda nguo kama wengine wanavyopenda kuimba. Jioni akitoka kazini alipita kwa Mama Zaina, akavua viatu, akajifunga kikwembe hiki na kile, kisha akavikunja vyote na kuvirudisha kambani.

Mwaka ule alikuwa ameposwa na muuguzi wa Kaniama aitwaye Banza, na harusi ilipangwa iwe mvua za kwanza zikikaribia. Mama Zaina alikuwa anakwenda Lubumbashi kununua mali, akakubali kumchukua ili atafute gauni. Mimi nilikuwa na miaka kumi, shule imefungwa, na mama akasema niende nao. Alitoa masharti mbele yangu ili nami niyajue: mikono mirefu, shingo iliyofunikwa, kitambaa kisichoonyesha mwili. Kabange aliitikia kila sharti kwa heshima, kisha akanikonyeza.

Treni ilikwenda kwa subira ya treni za wakati ule, ikisimama hata pasipo kituo. Bukama tuliikuta asubuhi, na kabla hatujauona mto tulisikia harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi, vikapu kwa vikapu, vikipitishwa madirishani. Mama Zaina alituambia tuikumbuke harufu hiyo, kwa kuwa wakati wa kurudi kila nguo lazima iwe imefungwa ndani ya nailoni mara mbili kabla ya kufika hapo. Samaki akishaingia kwenye kitambaa, alisema, hatoki mpaka mteja akimbie.

Lubumbashi nilidhani tutaingia katika duka moja kubwa, tununue, tutoke. Mama Zaina alikuwa na utaratibu mwingine. Kwanza alitupeleka katikati ya mji, kwenye maduka yenye vioo, ambako sanamu za wanawake weupe zilivaa magauni ya harusi na hakuna aliyepiga kelele. Aliingia kama mtu mwenye nyumba, akamwomba muuzaji ashushe gauni, akalipindua ndani nje, akaangalia mshono, akashukuru, tukatoka. Kabange alikuwa amelipenda moja lenye shanga kifuani na hakutaka kuliacha. "Hapa tunasoma," Mama Zaina alimwambia barabarani. "Zile shanga zimegandishwa kwa gundi. Ukicheza, utazifagia sakafuni." Kutoka hapo tulikwenda mtaa wa Wahindi wenye majora ya vitambaa, na huko alinifundisha kutazama maandishi kwenye ukingo wa kikwembe, kukipindua nione kama rangi ya nyuma inalingana na ya mbele, na kulowesha kidole na kusugua. Akanunua vikwembe vya mauzo, pamoja na jora zima la kijani na manjano, sare ambayo wanawake wa kwaya yetu walikuwa wameagiza kwa ajili ya harusi.

Gauni lenyewe tulilipata mwisho wa safari, katika soko la mtaa uitwao Kenya, mtaa wa watu wa kawaida. Pale wanawake walifungua marobota ya mitumba juu ya maturubai, na mmoja wao, mnene, mwenye sauti ya chini, aliuza nguo za harusi tu. Alitoa kitu cheupe kilichokunjamana ndani ya gunia. Lilikuwa gauni pana, mtu kama Kabange angeingia mara mbili, na upindo wake ulikuwa na doa la chai. Kabange alilitazama, macho yakamjaa machozi. Mama Zaina alilinyoosha juu ya kifua cha Kabange, akashika kitambaa kati ya vidole. Kisha akasema kwamba kitambaa hiki dukani hakipo, kwamba doa litakatwa pamoja na upindo, na kwamba yeye mwenyewe atalipunguza kwa cherehani yake Kamina. Kabange alimwamini, tukaondoka na gunia.

Siku iliyofuata tulikuta maduka yanafungwa mchana. Watu walikuwa wamezunguka redio mbele ya kila kibanda, na niliwasikia wakitaja mashariki, Goma, Uvira, majina ambayo kwangu yalikuwa ya ramani. Vita vya kwanza vilikuwa vimepita muda si mrefu, nami nilifikiri vita hupita kama mvua. Mama Zaina hakusikiliza redio kwa muda mrefu. Alituamuru tufunge mizigo.

Treni ya kurudi ilijaa askari. Tulikaa juu ya mizigo yetu, na mchana wa joto Mama Zaina aliomba maji kwa mwanamke aliyekaa karibu. Askari mmoja alimsikia akisema. Akamwuliza anatoka wapi. Mama Zaina akajibu Kamina. Askari akasema hakuuliza anakaa wapi, ameuliza kwao ni wapi, kwa sababu Kiswahili hicho na shela hiyo ni vya watu wa mashariki. Kabange aliinuka, akaninyanyua na kuniweka mapajani pa Mama Zaina, ingawa nilikuwa mkubwa mno kupakatwa.

"Huyu iko mama yetu," alisema. "Tulitoka naye ku Kamina, tunarudia naye ku Kamina."

Askari alitutazama sote watatu. Mwenzake akamwita kutoka mlangoni, naye akaenda. Mama Zaina alishika magoti yangu kwa mikono miwili hadi Bukama, na tulipofika huko alikagua kama kila nguo imefungwa nailoni.

Kamina tuliikuta imebadilika. Ndege nzito zilipita juu kuelekea kambi ya jeshi, sokoni kulikuwa na askari wa lugha tusizozijua, na chumvi ilianza kuwa adimu. Maneno nayo yalianza. Ilisemwa kwamba watu wa Maniema wanawapelekea waasi habari, kwamba mwanamke anayesafiri kila mwezi lazima ana kazi nyingine, kwamba marobota yake hayana nguo tu. Wateja wake waliacha kuja. Hata sare ya harusi haikuchukuliwa, jora likabaki limesimama kwenye kona. Kisha Mama Numbi, kiongozi wa kwaya, akaja nyumbani kwetu. Alikuwa mtu mwema na alisema kwa wema.

"Bantu banasema ile nyumba itachomwa," alimwambia mama. "Ondosha nguo ya mudogo yako mbele ya ile siku."

Kesho yake, baada ya shule, mama alinishika mkono tukaenda. Mlango wa buluu ulikuwa umefungwa, madirisha pia. Mama Zaina alitufungulia akiwa na sindano mdomoni. Ndani kulikuwa na giza, cherehani ilikuwa imesogezwa karibu na ufa wa dirisha, na gauni lilikuwa juu yake.

"Nimekuja kulichukua gauni," mama alisema.

Mama Zaina hakuuliza kwa nini. Alilitoa kwenye cherehani, akaanza kulikunja, kisha akasita. "Upande wa kushoto bado, Mwalimu. Ukilichukua hivi litamwanguka begani mbele ya mchungaji."

Mama alilitazama gauni. Nilidhani atasema si kitu, atapata fundi mwingine, maana mafundi walikuwapo. Badala yake aliuliza ni kazi ya muda gani. Siku chache, Mama Zaina alijibu, kama angekuwa na mwanga. Basi mama akaenda mlangoni, akaufungua hadi mwisho, akafungua na madirisha, akavuta kiti na kukiweka kizingitini, hapo ambapo kila apitaye njia ya soko angemwona.

"Shona," alisema. "Miye nitakaa hapa."

Akafanya hivyo kila alasiri mpaka kazi ikaisha, madaftari ya wanafunzi magotini, kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha. Mimi nilikaa ndani nikiokota pini. Siku moja vijana kadhaa walisimama ng'ambo ya njia, mmoja ameficha kitu nyuma ya mgongo. Mama aliinua kichwa, akamwita huyo kwa jina, kwa kuwa alimfundisha kusoma, akamwuliza mguu wa mama yake unaendeleaje. Kijana akajibu kwamba umepata nafuu. Mama akamwambia amsalimie. Wakasimama kidogo zaidi, kisha wakaenda zao. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwuliza mama kama haogopi. Akasema anaogopa, tena sana, na akaniambia nitembee upande wa kivuli.

Sijui ni nini kiliwagusa wengine. Wiki ya harusi Mama Numbi alikuja kwa Mama Zaina kuchukua kikwembe chake cha sare, akasalimia, akakipokea, akaondoka bila kutaja lolote lililopita. Baada yake wakaja wengine. Wapo ambao hawakuja kabisa, na kanisani siku ile waliimba wakiwa na nguo zao za kawaida katikati ya kijani na manjano, kama meno yaliyong'oka. Watu wa Banza waliwasili kutoka Kaniama juu ya lori, wameketi kwenye magunia ya mahindi, wamejaa vumbi hadi kope. Mama Zaina alifika na shela yake safi, akasimama nje chini ya dirisha, kwa kuwa hakuwahi kuingia kanisani. Mama alitoka, akamshika mkono, wakaingia na kukaa benchi moja.

Gauni lilimkaa Kabange kana kwamba limeota mwilini mwake. Mikono ilikuwa mirefu na shingo imefunikwa. Wakati wa kula, jamaa mmoja wa Banza alimwuliza kwa sauti wamelinunua duka gani Lubumbashi. Waliokuwa meza za karibu wakageuka wasikie.

"Ku Lubumbashi tulinunua gunia," Kabange alisema. "Gauni, Mama Zaina njo alishona."

Nyumba yake haikuchomwa. Usiku mmoja ilivunjwa dirisha na nguo zikaibwa, na hatukujua ni nani. Treni zilizidi kuchelewa, kisha zikawa haba, na Mama Zaina akaacha nguo, akauza samaki wa Bukama, wale wale aliowakimbia zamani. Vita vilipokwisha alikwenda Kasongo kuwatafuta dada zake, na hakurudi. Msafiri mmoja alituletea habari kwamba alifika salama.

Sasa ninaishi Lubumbashi, na jamaa wa Kamina hunipigia simu kuniuliza wapi panauzwa nguo nzuri za wanawake. Ninayo majibu. Katikati ya mji bado kuna vioo na sanamu, vikwembe vingi vinatoka Uchina, na soko la Kenya bado linafungua marobota. Lakini siku hizi wengi huniuliza kwa heshima tu, maana wameshachagua kwenye simu. Mwaka jana binti wa Kabange aliolewa hukohuko Kamina. Gauni lake alilichagua kwa picha, akapimwa na dada yake kwa futi ya kamba, likaletwa na pikipiki hadi mlangoni ndani ya mfuko. Lilimkaa vizuri, siwezi kusema vingine, na wala halikumpa mtu hofu. Ninapofikiria, naona ni afadhali. Mwanamke hapaswi kuhitaji ujasiri ili anunue nguo. Mama yangu, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alilipindua ndani nje, akaangalia mshono, akaridhika. Kisha akauliza ni nani amelishona, ili aalikwe harusini. Binti wa Kabange alitazama simu yake, akaiangalia tena, akasema kwamba hapo hawaandiki jina la mtu.