Rubisi ya Omu Mia Tatu

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwishoni mwa miaka ya themanini, niliamini hakuna kitu Nyaishozi nzima ambacho singeweza kukipima. Mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha kwamba ukigawanya volti kwa mkondo unapata ukinzani, nao unahesabiwa kwa omu, na ukizidisha volti kwa mkondo unapata wati. Likizo ilipofika nilirudi nyumbani na amita ndogo ya shule, kile kifaa cha kupimia mkondo, ndani ya sanduku, nimeiviringisha kwenye sketi. Nilikuwa nimeiazima. Stoo hapakuwa na mtu wa kuniambia hapana.

Umeme wa nyumbani ulikuwa betri moja ya gari, volti kumi na mbili, iliyoendesha redio ya baba. Nilipigilia misumari miwili kwenye kipande cha ubao ili umbali kati yake usibadilike, nikaunganisha nyaya, nikaanza kupima. Maji ya kisima. Uji. Mkojo wa ndama, na hapo nilifukuzwa zizini. Kilichonipendeza zaidi ni rubisi, pombe yetu ya ndizi, maana niligundua kuwa nikiitia maji ya mvua mkondo unashuka na ukinzani unapanda. Nikakimbia kumwambia baba. Laiti ningenyamaza.

Wiki hiyohiyo wageni walikuwa wanakuja kutoka Nyakatuntu kumaliza mazungumzo ya posa ya dada yangu. Dada alimpenda yule kijana waziwazi, jambo lililomtia mama aibu na kunipa mimi cha kumtania asubuhi na jioni. Katika ukoo wetu wageni wa namna hiyo huja na rubisi yao, ya wenyeji hutolewa pia, na baba wa binti huonja zote kabla ya neno lolote. Rubisi iliyotiwa maji ni tusi. Hurudishwa ilikotoka, na posa huondoka nayo. Sasa baba alikuwa na mafua mabaya, hapati ladha hata ya pilipili, na hakutaka wageni wajue. Akaniagiza nije na mashine yangu.

Nilijiona mkubwa siku ile, siwezi kukana. Wageni walikuwa wameketi kwenye nyasi mpya zilizotandikwa sebuleni. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikaweka betri katikati, nikamimina kwenye bakuli rubisi ya mama yangu, nikachovya misumari. Mshale ukasimama kwenye miliampea sitini. Nikatangaza omu mia mbili, wati sifuri nukta saba mbili. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Zilikuwa wati za umeme tu, hazihusiani kabisa na kulewa, lakini sikuona sababu ya kuwaharibia.

Nikamimina ya wageni kutoka kwenye kibuyu chao. Mshale ukaishia arobaini. Omu mia tatu, nikasema, wati sifuri nukta nne nane. Baba akauliza maana yake ni nini, nami nikajibu kwa sauti ya daktari kwamba ya wageni ina maji.

Baba alikisukuma kibuyu chao taratibu kuelekea mlangoni. Dada alikuwa akigawa kahawa ya kutafuna, akasimama palepale na kisahani mkononi, midomo imekauka. Nikamwona, na ujanja wangu wote ukaniisha. Niliogopa.

Shangazi wa bwana harusi, mama mrefu ambaye hakuwa ametia neno tangu afike, ndiye aliyezungumza.

“Mwanangu, huko shuleni mnapima mara moja tu?”

Nikakiri kwamba mwalimu alitaka tupime mara tatu.

“Basi rudia. Anza na ya kwenu.”

Nikarudia. Rubisi ya mama, ileile ya mwanzo, ikatoa miliampea thelathini. Omu mia nne, nikasema. Imewashinda wageni kwa maji! Ndipo nikaitazama misumari. Ilikuwa imevaa utando mweusi na povu, na utando huo ndio uliokuwa ukizuia mkondo. Mara ya kwanza ilikuwa safi, maana niliisugua asubuhi, kisha kila kipimo kikaichafua zaidi. Nilikuwa nimewatukana watu kwa sababu ya misumari michafu.

Nilifungua mdomo niseme, mama akaniwahi. Alipiga magoti pale karibu na mlango wa jikoni.

“Mashine haikukosea,” alisema. “Ndizi hazikutosha, nikaongeza maji. Mnisamehe.”

Shangazi yule alicheka wa kwanza. Akasema kama ni hivyo nyumba zote mbili ni za wezi wa maji, basi zioane. Wageni wakacheka, baba akakohoa, kibuyu kikavutwa ndani. Kabla jua halijazama mahari ilikuwa imekubaliwa. Baba alimnunia mama siku mbili, na wanawake wa jirani walimtania kwa pombe yake hadi mavuno mengine. Kila walipomtania nilitamani kujificha.

Dada alipokwisha kuolewa, siku moja tukimenya ndizi, nilimweleza mama habari ya misumari. Nikamuuliza aliongeza maji kiasi gani.

“Hata tone,” alisema, bila kuondoa macho kwenye kisu. “Lakini dada yako alikuwa ameacha kupumua.”