Niko, Mwalimu

Mume wangu alijiandikisha chuoni bila kuniuliza, na siku aliponiambia nilimtukana kwanza ndipo nikacheka. Mtu mzima, mpuliza dawa wa shamba la maua, anarudi nyumbani macho mekundu, ati anataka kusomea upimaji wa ardhi kwa simu! "Kwani shuleni hesabu hazikukuchapa vya kutosha?" nikamuuliza. Yeye hakuwa mtu wa kukasirika. Alisema kozi inaanza na trigonometria, na akishaimaliza hiyo zilizobaki ni mteremko.

Tulikuwa tunaishi Karagita, karibu na ziwa, chumba kimoja, kwa hiyo hata usipotaka kusoma utasoma. Darasa lilikuwa saa moja jioni. Anaegemeza simu kwenye thamosi, mimi nasonga ugali nyuma yake, na mwalimu yuko Nakuru huko anatuchorea pembetatu. Saini, kosaini, tanjenti. Nilikuwa nimesimama kutwa nikipanga waridi kwa urefu wa shina, miguu inawaka moto, na bado yule mwalimu ananiingia masikioni. Siku moja mume wangu alikwama, nikamwambia bila kugeuka, "Si ugawanye kwa ule upande wa chini, wewe!" Kumbe ndivyo. Tangu hapo akaniita mwalimu msaidizi, na majirani wakalidaka jina.

Alianza na kikohozi. Tukasema ni baridi ya ziwani, na tuliendelea kusema hivyo mpaka akashindwa kupanda ngazi za hospitali. Hakutoka humo. Tukampeleka kwao magharibi, tukamzika nyuma ya nyumba ya mamake. Jirani yangu wa chumba cha pili aliomba ruhusa kazini akasafiri nami, na ndiye aliyenishika mkono pale kaburini.

Kilichoniudhi kule nyumbani ni neno moja. Marehemu hivi, marehemu vile. Viatu vya marehemu, koti la marehemu. Hata mamake mzazi! Lile jina nililozoea kuliita nikiwa na hasira na nikiwa na furaha halikutajwa tena peke yake. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo sikuwa na wa kulibeba. Niliwachukia wote, nikawapikia, nikawashukuru, nikarudi Karagita.

Jioni moja simu yake ikalia kunikumbusha darasa. Nilikuwa sijaizima hiyo kengele. Nikaingia nikiwa na nia moja tu, kuwaambia wamtoe. Mwalimu alikuwa anaita majina. Ukisikia lako unaandika "niko". Akafika kwa mume wangu. Akaliita lote, la kwanza hadi la babake, kwa sauti ya kawaida, vile unavyomwita mtu anayeweza kuitika. Nilishika meza. Akaita tena. Kijana mmoja akafungua maikrofoni akasema, "Huyo alishaacha, mwalimu. Trigo imemtoa mbio."

Ebo! Mume wangu, kuacha? Mtu aliyekuwa akichora pembe kwa kidole kwenye unga wangu wa ugali? Hasira ilinipanda mpaka nikasahau kilichonileta. Nikaandika: niko.

Na ukishasema uko utafanyaje? Unabaki. Nikabaki jioni ile, nikaingia na iliyofuata. Wacha niseme ukweli, sikufuata pembetatu. Nilifuata lile jina. Likishaitwa nikaitika, ningeweza kuzima simu nikalale, lakini niliogopa mwalimu akiuliza swali na mume wangu akae kimya aonekane mjinga. Basi nikasoma. Nilisoma kwa uchungu, nikikosea na kujitusi, na pole pole yale mambo yakaanza kunikubali.

Nilijua haitafika mbali. Mtihani ulikuwa unakuja, na kwa mtihani lazima uonyeshe uso na kitambulisho. Siku hiyo wangegundua, wangemfuta, na hakungekuwa na mahali pengine duniani ambapo angeitwa vile tena, kama mtu mzima aliye hai. Nililijua hilo kila nilipoandika niko. Niliandika tu.

Kabla ya mtihani mwalimu alitupa kazi: tafuta kitu kirefu karibu na kwako, ukipime urefu bila kukipanda. Nikachagua tangi la maji la shambani, lile ambalo mume wangu alikuwa akichanganyia dawa chini yake. Saa ya chakula nikapima umbali kwa kamba, nikasimama huko mbali, nikaelekeza simu juu kusoma pembe. Wenzangu wa kupanga maua walinicheka hadi chai ikawapalia. "Mama ameanza kugawa shamba! Mimi nipewe kule kwa kivuli!" Nilicheka nao, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikafanya hesabu, nikaituma kwa jina lake.

Jumamosi nilikuwa nje nafua nguo, simu yake ikalia. Ilikuwa ile sauti ya Nakuru. Akaomba kuongea na mume wangu, akamtaja jina lote.

"Hayupo," nikasema.

"Naongea na nani?"

"Mke wake."

"Sawa, mama. Atarudi saa ngapi?"

Nilikuwa nimeshawaambia watu wengi, meneja, kanisa, mwenye nyumba. Maneno yenyewe nilikuwa nayajua. Yalikataa kutoka.

"Jioni," nikajibu.

"Basi mwambie nimeona ile kazi yake ya tangi. Safi kabisa. Mwanzoni alinitia wasiwasi, sikufichi, lakini sasa ameiva. Mwambie nimesema atakuwa sorveya mzuri."

"Nitamwambia, mwalimu."

"Na asikose mtihani."

"Nitamwambia."

Akakata. Kule kaburini nilikuwa nimelia kwa adabu, vile watu wanavyotarajia mjane alie. Hiki kilichonitoka sasa sikukijua. Kiliniangusha kando ya karai na nguo zikamwagika kwenye matope. Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa, jirani yangu akaja mbio, mikono ikiwa bado na unga.

"Ni nini? Nani amekupigia? Kumetokea nini?"

"Mume wangu amekufa," nikamwambia.

Akakaa palepale kwenye matope na leso yake, akanivuta kifuani.

"Najua, dadangu," akasema. "Najua."