Kizimba cha Bibi Kisicho na Msingi

Wiki iliyopita jirani yangu hapa kisiwani, Kilindoni, alimwaga zege kuzunguka banda lake la kuku. Alichimba mtaro, akaujaza, akanawa mikono, basi. Hakumwomba mtu ruhusa. Nilisimama namtazama mpaka akaniuliza kama nina haja ya kuku. Nikamjibu hapana, nimemkumbuka bibi.

Wewe uliyekulia huku utanielewa. Enzi za Mwingereza tulikaa upande wa Bweni, ndani ya shamba la minazi la watu. Ardhi si yetu, minazi si yetu. Kibanda chetu cha udongo na makuti tuliruhusiwa kukisimamisha kwa sharti moja dogo: kuku wa bibi walale chini ya minazi ya mwenye shamba, leo mnazi huu, kesho ule, ili mbolea iangukie mizizini. Bibi alikubali kwa mdomo wake, na bibi akishakubali jambo ndiyo limekwisha.

Kwa hiyo kizimba chetu kilikuwa cha kuhama. Bibi alikifunga kwa pongoo, zile fimbo za katikati ya kuti, nacho hakikuwa na sakafu. Kila asubuhi, baada ya uji wa muhogo, yeye alishika upande mmoja na mimi wa pili, tukakikokota polepole na kuku ndani wakitembea pamoja nasi, wakinung'unika kama wazee wanaoharakishwa. Nilicheka mpaka bibi ananikemea, nisije nikawakanyagia vidole. Moshi wa makumbi, umande kwenye nyayo, vyote bado ninavyo.

Mwaka ule mama mdogo alikuwa na mimba yake ya kwanza, na homa zilikuwa zimemmaliza. Kuku wale walikuwa wake. Kwetu mzazi hunywa supu ya kuku yenye pilipili manga kwa siku zote arobaini, damu irudi mwilini, na bibi alishamwahidi mwanawe kwamba haitakosekana. Hatukula hata yai.

Ndipo nguchiro akatugundua. Alikuja alfajiri, sisi tukiwa kwenye sala, akachimba chini ya ukingo wa kizimba. Mahali pale ni mchanga mtupu. Tukitoka tunakuta shimo la kupitisha ngumi, na manyoya. Bibi alizungushia miiba ya mchongoma, mnyama akachimba pembeni yake. Alipanga vifuu, mnyama akavisukuma. Na chochote tulichopanga leo tulikipangua kesho, maana kizimba lazima kihame. Mbwa hatukufuga. Jirani yetu alitutegea mtego, ukamnasa tetea wetu mwenyewe. Mama mdogo alimsihi bibi awalaze kuku ndani ya nyumba, lakini bibi hakutaka kusikia. Alikwisha kutoa neno lake. Alikuwa akifukia kila shimo kwa mguu, kisha akishika upande wake wa kizimba.

Dawa aliijua. Afukie mawe ya matumbawe kuzunguka mahali pamoja chini ya mnazi, kizimba kitulie hapo mpaka mama mdogo ajifungue, halafu ayang'oe. Tuliyaokota pwani, tukayabeba kichwani. Mwenye shamba alipopata habari alikuja mwenyewe, kanzu safi, akamsalimia bibi kwa heshima zote.

"Bi mkubwa, unachotaka kwangu sema, nitakupa. Ila mawe usifukie. Leo ni ya kuku. Kesho wajukuu zako watasema huu ni msingi wa nyumba ya bibi yao, na mimi niko kaburini."

"Nimesikia, bwana," bibi akasema.

Nilitaka abishe. Lakini ndivyo ilivyokuwa kisiwani: ukijenga cha kudumu au ukipanda mti, umejitwalia mahali, na hata mimi mtoto nililijua hilo. Tukayarudisha mawe pwani.

Asubuhi moja tulikuta kizimba kitupu, manyoya tu. Bibi alikaa mchangani, akanyoosha miguu, akaniangalia.

"Mjukuu wangu, nifanyeje?"

Ananiuliza mimi! Sijawahi kuogopa kama siku ile.

Mama mdogo alijifungua mtoto wa kike. Mwenye shamba aliposikia alituletea jogoo mnene kutoka kwake. Bibi alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamwombea bwana dua, kisha akampika jogoo na pilipili manga. Mwenyewe hakuonja. Kesho yake jioni, jogoo akiwa amekwisha, mama mdogo aliita kutoka kitandani, "Mama, supu iko tayari?" Bibi akampelekea mchuzi wa dagaa, akatoka nje, akasimama akiupa mlango mgongo.

Sasa shamba lile limekatwakatwa viwanja. Wenye minazi na waliokaa chini yake karibu wote wamekwenda, na vitukuu wa pande zote mbili hawajui nani alimkataza nani. Miaka yote hii nimejaribu kumchukia yule bwana, nikashindwa, kwa sababu alikuwa mtu mwema kweli. Laiti angekuwa mbaya. Angalau bibi angepata mtu wa kumkasirikia.