Stetoskopu Aliyoninunulia Madrina Zulema

Duka la kwanza, stetoskopu mbovu.

Duka la pili, mbovu.

La tatu nalo, ubovu ule ule. Nikasema hapana, hapa kuna mtu ananichezea.

Ngoja niwasimulie tangu mwanzo, maana hata leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Naitwa Nélida. Nilikuwa mwaka wa kwanza uuguzi hapa mjini Cochabamba, na tulikuwa tunakaribia kuingia wodini. Kila mwanafunzi alitakiwa awe na stetoskopu yake. Mimi sikuwa nayo, na nyumbani maisha yalikuwa ya kuungaunga.

Siku moja akatokea Madrina Zulema, mama yangu wa ubatizo. Anauza jibini pale soko la La Cancha. Mama huyu, jamani, ni mchoyo hadi basi. Ukionja jibini yake usinunue, atakusema mwaka mzima.

"Nasikia unatafuta ile ya kusikilizia moyo," akaniambia. "Nakununulia mimi. Ila twende wote, tukachague pamoja."

Mama yangu akaacha kumenya viazi.

Madrina alipotoka tu, mama akanigeukia. "Zulema? Zulema huyu huyu ninayemjua mimi? Amka, mwanangu! Huyo anakutaka uolewe na mpwa wake, yule Grover."

"Grover wa pikipiki?"

"Huyo huyo. Leo unavaa stetoskopu shingoni, kesho unavaa pete kidoleni."

Nikacheka. Lakini neno likaniingia.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya hospitali. Njia nzima Madrina kanishika mkono. Ananisifia, eti nimekuwa mtu mzima, eti nina akili.

Tangu lini?

Nikawa namwangalia kwa jicho la pembeni.

Duka la kwanza lilikuwa la Don Wálter, mzee mwenye maneno kama cherehani. Akanipa ya bluu. Nikataka kujipima mwenyewe, Madrina akawahi.

"Nipime mimi."

Akaichukua ile sahani ya kusikilizia, akaichomeka ndani ya blauzi, kifuani.

Nikasikiliza. Du-dap, du-dap... kimya. Halafu dap-dap-dap mbio mbio, kama mtu anayejikwaa kwenye ngazi. Halafu kimya tena.

"Hii inakatakata," nikasema.

"Inakatakata nini?" Don Wálter akang'aka. "Binti, hii si redio! Ni mpya kabisa!"

"Twende kwingine," Madrina akasema haraka.

Hakuuliza hata bei. Yeye! Hapo nikaanza kunusa kitu.

Duka la pili nikapewa ya kijani. "Nipime mimi," akasema tena. Nikapima. Inakatika vile vile, inakimbia vile vile.

"Kaka, hii feki," nikamwambia muuzaji. "Usinipige changa la macho."

"Dada, kama hela huna sema tu, usinichafulie biashara!"

Nikageuka. Madrina kafumba macho, midomo inacheza. Anasali?

Akili yangu ikakimbia mbali. Nikawaza, huyu mama kapanga na hawa wauzaji. Wananionyesha mbovu tupu, tunarudi mikono mitupu, halafu jioni Grover anapita na nzima mkononi kama mkombozi. Mama aliniambia!

Duka la tatu, la mama mmoja aitwaye Doña Primitiva. Nyeusi, nzuri, nzito shingoni. Madrina akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nikampima.

Ule ule upuuzi.

Nikapandwa na hasira. "Mama, mnauza takataka mtaa mzima! Ngoja nikuonyeshe."

Nikaiweka kifuani kwangu nimwonyeshe ilivyo mbovu.

Du-dap. Du-dap. Du-dap.

Safi kabisa.

Nikamwomba Doña Primitiva nimpime na yeye. Akaguna, akakubali. Du-dap, du-dap, kama saa ya ukutani.

Nikarudi kwa Madrina, nikapiga magoti pale chini, nikasikiliza upya.

Du-dap... kimya. Kimya kirefu.

Nikamwinulia uso. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Unausikia, eh?" akasema taratibu.

"Madrina! Ulikuwa unajua?"

"Nimeanguka kibandani zaidi ya mara moja. Watu nikawaambia ni jua."

"Mbona hukwenda hospitali?"

"Marehemu mume wangu alikwenda. Wakamrudisha kwenye sanduku." Akafuta jicho kwa ncha ya aproni. "Daktari nisiyemjua akiniambia, nitasema mwongo. Nilitaka nisikie kutoka kwako. Uliposema ile ya kwanza mbovu, nikafurahi. Nikasema asante Mungu, kumbe ni mashine. Kwenye ya pili nikaomba nayo iwe mbovu."

Nilimkumbatia tu, na jibini ilinukia kwenye shali yake.

Alilipia ile nyeusi kwanza, na akagombania bei mpaka Doña Primitiva akasalimu amri. Ndipo akakubali kupanda teksi.

Hospitalini walimpima moyo, wakampima na damu. Ni Chagas, ule ugonjwa wa mdudu anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo. Anakuuma utotoni, ugonjwa unakula moyo polepole bila kelele. Wakamwekea betri ndogo chini ya mfupa wa mtulinga, inayoongoza mapigo. Leo yuko sokoni, anatukana wateja kama kawaida.

Mama aliposikia alilia sana. Akampelekea supu ya karanga, akamwomba radhi kwa yote aliyomfikiria.

Lakini mimi nilikuwa nimeganda kwenye neno moja: nyumba za udongo. Mama na Madrina wamekulia kijiji kimoja kule bonde la Mizque, milango ikitazamana.

Nikamburuta mama naye akapimwe. Njia nzima alinisema, eti uuguzi umenipanda kichwani.

Anao.

Ila kwake umeonekana kabla haujaugusa moyo. Ameanza dawa, na kila kliniki naenda naye mwenyewe.

Ndugu msomaji, mtu wako mgumu akianza ghafla ukarimu asiokuwa nao, usikae unapiga hesabu anataka nini kwako. Muulize anaogopa nini.

Na kama umekulia nyumba za udongo kama zile, nenda kapime damu. Usisubiri mpaka uanguke ndipo uwaambie watu ni jua.